Tumbo Lililopata Kazi Redioni

Moto wa msituni ulitakiwa kuwaka saa nne asubuhi, lakini Kishindo alikuwa ameshaula.

Hakukusudia. Moto wenyewe ulikuwa mfuko mkubwa wa krispi za viazi uliowekwa mezani karibu na maiki, na kazi yake ilikuwa kuzivunjavunja krispi hizo taratibu kiganjani mpaka msikilizaji aliyekaa nyumbani kwake aone matawi yanaungua. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya katika kile kituo kidogo cha redio: kutengeneza sauti za michezo ya kuigiza. Mlango ukigongwa, ni yeye. Mvua ikinyesha, ni yeye na sinia la mchele. Jambazi akivunjwa mbavu, ni yeye na karoti mbichi. Jina la Kishindo lilitoka hapo, likamkaa vizuri mpaka mama yake mzazi akawa analitumia kwenye simu.

"Moto uko wapi?" Mama Kimya aliuliza kupitia spika, akiwa upande wa pili wa kioo.

Mama Kimya ndiye aliyeitunga michezo, akaisimamia, akabonyeza na vitufe, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine kukaa kwenye kile kiti. Naye jina lake lilitokana na neno alilolitamka kuliko maneno mengine yote maishani mwake.

Kishindo alichungulia ndani ya mfuko. Chumvi kidogo ilikuwa imebaki kwenye kona.

"Umezimika," akasema.

"Umezimwa na nani?"

"Na mimi."

Zege akaangua kicheko. Huyu alikuwa mwigizaji, mwanamume mpana mwenye sauti inayomiminika kama zege linavyomwagwa kwenye msingi. Kila jambazi, kila mfalme katili na kila baba mkwe mkorofi wa kituo kile alikuwa yeye. Tangu asubuhi alikuwa amesimama mbele ya maiki akisubiri kuungua.

"Basi nitakufa kwa baridi," alisema. "Mnitafutie theluji, kama naye hajaila."

Haikuwa mara ya kwanza. Kishindo alishawahi kula changarawe yote ya ua wa mfalme, ambayo ilikuwa mikate iliyokaushwa, na askari wakalazimika kutembea juu ya zulia. Kuna wakati mbavu za jambazi ziliisha kabla jambazi hajakamatwa.

Siyo kwamba alikuwa mroho. Kishindo alikuwa na usonji. Daktari alimwambia hivyo akiwa tayari mtu mzima mwenye mshahara na ufunguo wa nyumba, naye akashusha pumzi kama mtu aliyeonyeshwa hatimaye swichi ya taa iko ukuta gani. Mambo mengi aliyoyaona ya kwake peke yake yakapata maelezo. Taa za korido ya kituo zilikuwa zinavuma, na watu wengine wote walidai hazivumi. Waigizaji watatu wakiongea kwa pamoja, maneno yao yalimwingia kama nguo zilizotoka kwenye mashine zikiwa zimefungana. Lakini krispi ikivunjika kati ya meno, ile kelele yote ilikaa kando. Kwa muda mfupi kulikuwa na sauti moja tu duniani, nayo ilikuwa yake. Halafu ilikwisha, akatafuta nyingine.

Na lilikuwepo jambo la pili. Kwa watu wengi njaa hubisha hodi, ikasubiri sebuleni. Kwake haikubisha. Angeweza kushinda kutwa akitafuta mlio sahihi wa lango la gereza bila kutia kitu kinywani, halafu ghafla mikono inatetemeka, amemnunia kila mtu, na hajui kwa nini. Akianza kula, shibe nayo ilikuja kama mgeni aliyepotea njia: ilifika vyombo vimeshaoshwa.

Mchana ule alilala chali kwenye zulia la studio, moto wote wa msituni ukiwa tumboni. Mama Kimya akamletea mto.

"Mwanangu," alisema, "mimi sikugombezi. Ila nina mchezo wa vita unakuja, na kwenye vita kuna vifo vingi. Nitakununulia karoti kwa gunia? Hebu katafute msaada."

Nyumbani Kishindo aliishi na kaka yake na wifi yake. Kaka alikuwa fundi wa kufuli, mtu wa maneno machache na funguo nyingi, aliyeamini kwamba hakuna shida duniani isiyotatulika kwa kuifungia. Wifi alishona mapazia pale pale sebuleni, na kwa kuwa cherehani ilikuwa na kelele, alizoea kuongea kwa sauti ya juu hata ikiwa imezimwa.

Kaka aliposikia habari za moto, alikwenda kwenye begi lake la kazi, akatoa kufuli la namba linalong'aa, akalipachika kwenye kabati la vyakula.

"Mdogo wangu, sifanyi kwa ubaya," alisema. "Hili halifunguki. Hata mimi kulifungua ni mpaka nikae kitako."

Kishindo alisogea, akaweka sikio kwenye kufuli, akaanza kuzungusha namba. Wala hakuwa na habari na biskuti zilizomo ndani. Alipenda tu vile vimlio vidogo.

"Namba ya katikati ina kikohozi," alisema, na kufuli likafunguka.

Kaka alilitazama kufuli lake kama mtu anavyomtazama mtoto aliyemtia aibu mbele za wageni. Kesho yake akaleta jingine, zito zaidi. Nalo likafunguka. Akaleta la tatu, ambalo alisema limetoka kwenye ghala la watu wasiotaka mchezo. Kishindo alikaa nalo jioni nzima, amejikunja sakafuni mbele ya kabati, akilisikiliza kama mtu anayesimuliwa kisa. Chakula cha jioni kikapoa mezani. Lilipofunguka alitabasamu, akalifunga tena, akaenda kulala bila kula chochote. Asubuhi akaamka akiwa amewanunia wote, akamaliza mkate mzima akiwa amesimama.

"Sasa tumepata nini?" Wifi aliuliza. "Kwanza alikuwa anakula sana. Sasa hali kabisa, halafu anakula sana."

"Ngoja nilete la nne," alisema Kaka.

La nne ndilo lililoharibu mambo. Kaka mwenyewe alisahau namba zake. Saa tano asubuhi simu ya studio ikalia katikati ya kilio cha malkia, na Mama Kimya akaipokea kwa hasira.

"Naomba Kishindo," ilisema sauti ya juu sana. "Mimi wifi yake. Mwambie aje anifungulie kabati, vitunguu vimo ndani na mafuta yameshachemka."

Kishindo alimwelekeza kwa simu. Wifi alizungusha namba huku akieleza anachosikia, na kwa kuwa alieleza kwa sauti yake ile, studio nzima ilisikia. Kabati lilipofunguka, malkia alipiga makofi.

Jioni ile Wifi aliyang'oa makufuli yote, akayatia kwenye ndoo, akamkabidhi mumewe.

"Peleka kazini," alisema. "Na wewe wifi yangu, kesho mimi na wewe tunakwenda kwa mtaalamu wa lishe."

Mtaalamu wa lishe alikuwa kijana mwenye tai fupi na kalamu ya kubofya. Kila alipofikiri, aliibofya. Kishindo hakuelewa hata neno moja mpaka alipomwomba aiweke chini.

"Samahani," kijana alisema. "Huwa siioni kama inasumbua."

"Haionekani. Inasikika."

Kalamu ikaingia kwenye droo. "Haya, dada. Unakula lini?"

"Nikikumbuka."

"Na unaacha lini?"

"Chakula kikiisha."

"Hujisikii kwamba sasa nimeshiba?"

"Najisikia. Baadaye, nikiwa naoga."

Kijana aliinama mbele, akakunja mikono, akasema kwa upole neno ambalo bila shaka alishawaambia wengi: "Mwili unaongea, dada yangu. Tatizo letu hatuusikilizi. Nenda kausikilize mwili wako, halafu urudi uniambie umesema nini."

Wifi aliitikia kwa kichwa, kama watu wanavyoitikia wakiambiwa maneno ya namna hiyo. Kishindo alifikiri.

"Kwa maiki ya aina gani?" akauliza.

Kijana alicheka kwa adabu. Wifi hakucheka. Alimjua.

Walipofika nyumbani, Kishindo alitoa kwenye mkoba maiki ndogo ya kubandika, ile aliyoitumia kunasa mlio wa mbao kutoka ndani ya meza. Aliizungushia pamba. Wifi akamshonea mkanda kwa utepe wa mapazia, ule wa kuvuta marinda, ili imkae tumboni bila kuchezacheza. Kishindo akavaa hedifoni, akakaa kwenye kochi, akafumba macho.

Mwanzoni ilikuwa pamba tupu. Kisha moyo, kwa mbali, kama jirani anayepigilia msumari. Halafu kitu kingine kikapita taratibu kutoka kushoto kwenda kulia: mlio mrefu, mzito, wenye kona, mfano wa kabati linaloburutwa kwenye nyumba ya juu.

Alifumbua macho. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, na hakuwahi kujua kwamba ndani kuna wapangaji.

"Linasemaje?" Wifi aliuliza.

"Linahamisha vitu."

Wifi naye akataka kusikia. Kisha Kaka akaja, akavaa hedifoni akiwa bado na mkoba wa kazi begani, akasikiliza kwa makini kabisa huku amekunja uso.

"Bawaba," alisema. "Inataka grisi."

Tangu siku hiyo Kishindo alikwenda na maiki tumboni kila mahali. Alilisikiliza tumbo lake kama mtu mwenye redio mpya. Aligundua kwamba kile kishindo cha kabati mara nyingi kilitangulia ile mitetemo ya mikono, kwa hiyo akikisikia alikula, na akila mapema hakumaliza mkate mzima. Alikula polepole ili asipitwe na kinachoendelea. Wifi aliyempikia alizoea kumwona akiweka kijiko chini katikati ya mlo, ameinua kidole, akisema, "Ngoja, linajibu."

Kazini alizificha nyaya chini ya blauzi. Angeendelea hivyo bila mtu kujua, kama asingechomeka waya wa tumbo kwenye tundu la meza ya studio akidhani ni tundu la hedifoni zake.

Siku hiyo walikuwa wanarekodi mchezo wa pango. Zege, safari hii akiwa mfalme aliyenyang'anywa kiti, aliingia pangoni kulitafuta dubwana aliombe msaada. Dubwana lenyewe lilikuwa limewashinda. Walikuwa wameburuta meza, wamepuliza chupa, wamesugua ngozi ya ngoma kwa kidole kilicholowa maji, na kila mara Mama Kimya alisema hilo siyo dubwana, hilo ni meza.

"Ewe uliye gizani," Zege alinguruma, mkono juu ya kifua. "Mimi mfalme nimekuja. Jitokeze."

Kisha katika hedifoni za kila mmoja, kutoka chini kabisa, kitu kikajitokeza. Kilianza kama mngurumo, kikapanda, kikajipinda, kikanyamaza kana kwamba kinafikiri, halafu kikamalizia kwa swali.

Zege aliruka nyuma, akaangusha stendi ya karatasi. Mtu mpana vile kuruka ni tukio.

"Kimya," alisema Mama Kimya, ingawa hakuna aliyekuwa anaongea. "Nani amefanya hivyo?"

Kishindo alinyoosha mkono kama mwanafunzi. Uso ulikuwa unawaka. "Ni tumbo langu. Linahitaji chakula cha mchana. Samahani, nimekosea tundu."

Mama Kimya aliirudisha ile sauti nyuma, akaisikiliza. Akairudisha tena. Alipoinua kichwa alikuwa na macho ya mtu aliyeokota pesa.

"Lina nafasi kesho?" aliuliza.

Hivyo ndivyo tumbo la Kishindo lilivyopata kazi redioni. Mchezo wa pango uliporushwa, watu walipiga simu kuulizia mnyama yule anafugwa wapi. Mzee mmoja alisema amezima redio akafunga madirisha. Mama Kimya akaandika sehemu nyingine, na nyingine, na kila mara dubwana lilizidi kupewa maneno, kama mngurumo unaweza kuitwa neno. Zege alihesabu mistari yake, akanuna.

"Nimesomea uigizaji," alilalamika kwenye korido. "Sasa napokea maelekezo ya kulipisha tumbo."

"Linapokea maelekezo vizuri kuliko wewe," alisema Mama Kimya.

Kishindo alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi kazini, na furaha ndiyo iliyomponza. Kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa kutafuta sauti mpaka aipate, alianza kujiuliza kama dubwana haliwezi kuwa bora zaidi. Akagundua kwamba asipokunywa chai asubuhi, mngurumo unakuwa na kina. Asipokula mchana pia, unakuwa na mwangwi. Hakuna aliyemtuma. Alijifungia mwenyewe chakula, kama fundi anavyokaza uzi wa gitaa akijaribu kuona utafika wapi.

Uzi ulikatika siku ya pigano kubwa. Walirekodi mpaka alasiri, na dubwana lilinguruma mpaka Mama Kimya akasimama kutoka kwenye kiti chake. Walipomaliza, wenzake wakatoka kupunga upepo uani. Waliporudi wakamkuta Kishindo sakafuni, mgongo ukutani, amezungukwa na mifuko mitupu. Alikuwa amekula mbavu za maadui wote. Alikuwa amekula changarawe, moto, na kabichi mbichi waliyoitumia kwa ngumi za uso. Alikuwa amekula nusu ya keki ya siku ya kuzaliwa ya Mama Kimya, na kofia ya karatasi iliyokuwa juu ya keki ilikuwa mkononi mwake, imetafunwa pembeni.

Hakuna aliyecheka, hata Zege. Zege ndiye aliyekaa chini pale sakafuni, kwa taabu kwa sababu ya magoti, akamnyang'anya ile kofia polepole.

"Hii haina vitamini," alisema.

Kishindo alilia kidogo, akacheka kidogo, akaomba wazime zile taa za korido. Zege akanyanyuka akazizima. Wakakaa gizani mpaka tumbo likatulia.

Safari ya pili kwa mtaalamu wa lishe, Kishindo alikwenda na rekodi. Kijana aliposikia kwamba mgonjwa wake alifuata ushauri wake neno kwa neno, aliomba hedifoni. Alisikiliza rekodi zote. Mkono ulikwenda kwenye droo ya kalamu ukarudi wenyewe.

"Dada," alisema mwishoni, "kosa ni langu. Nilikupa maneno, nikadhani nimekupa msaada. Tumbo linanguruma likiwa na njaa, ni kweli. Lakini linanguruma pia likiwa linasaga chakula. Wakati mwingine linanguruma tu. Ukilifuata kila likisema, utakula bila kukoma. Ukilingoja liseme, siku nyingine utalala njaa."

"Kwa hiyo ni mwongo?"

"Siyo mwongo. Ni mpiga soga."

Hilo Kishindo alilielewa mara moja. Kwenye korido yao walikuwepo wengi wa aina hiyo.

"Niambie kitu ambacho siyo mfano," alisema.

Kijana akavuta kiti karibu, na safari hii akaongea kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia. Ale kwa saa, asingoje kuhisi. Kama mwili hautoi taarifa kwa wakati, saa itautolea. Asikae na njaa ndefu, kwa maana ile mikono inayotetemeka ndiyo inayomaliza mkate. Krispi asijikataze, ila azimimine kwenye bakuli, akae chini, na mfuko urudi kabatini. Na kama anachotafuta ni ule mlio wa kutafuna, basi atafute mlio huo kwenye vitu vingine pia.

"Tango linalia vibaya," Kishindo alisema. "Linalia maji."

"Na tufaha?"

"Tufaha ni zuri. Tufaha la kijani. Jekundu linalia unga."

"Haya. Tufaha la kijani," kijana alisema, akaandika kwa penseli.

Nyumbani alimweleza Wifi kila kitu. Wifi alitoka saa hiyo hiyo akarudi na sahani ya plastiki yenye vyumba, ya kulishia watoto, iliyochorwa bata aliyevaa kofia. Alikuwa ameona kwa miaka mingi jinsi Kishindo anavyojenga ukuta wa wali ili maharage yasivuke, na jinsi anavyokula haraka haraka kabla ukuta haujabomoka.

"Kila mtu chumbani kwake," alisema Wifi. "Hakuna ugomvi, hakuna haraka. Na ukimwona bata, ujue huo ni mlo mmoja. Ukitaka wa pili, zungumza kwanza na bata."

Kishindo aliona ni utaratibu mzuri. Kweli kuna siku alizungumza na bata. Kuna siku bata alikubali.

Saa ilileta shida zaidi. Milio yote ya simu ilimchoma masikio, akawa anaizima kabla haijamwambia kitu. Mwishowe akajirekodia ya kwake: kijiko cha mbao kinachowekwa taratibu mezani. Kilipolia, alikwenda kula. Mwanzoni alikwenda bila hamu, akatafuna kama mtu anayejaza mafuta gari la mwenzake, lakini mikono iliacha kutetemeka, na watu wakaacha kumwuliza amekasirikia nini.

Bado alikuwa na neno la kumwambia Mama Kimya. Alilifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni, na Kaka, akiwa nje akisubiri kuoga, alilisikia mpaka akalikariri. Siku ya kulisema, alisimama mlangoni mwa chumba cha vitufe.

"Sitakaa na njaa kwa ajili ya dubwana," alisema. "Nakula saa moja, saa sita na nusu na saa moja jioni, na kitu kidogo katikati. Ukilitaka, njoo kabla ya saa sita na nusu. Likinguruma, limenguruma. Lisiponguruma, sitalilazimisha."

Mama Kimya alivua miwani. "Na nani alikwambia ulilazimishe? Mimi nilidhani ni kipaji."

"Kilikuwa njaa."

"Basi mwanangu, afadhali umeniambia nikiwa bado hai." Alivaa miwani tena, akatazama karatasi za sehemu iliyofuata, ambapo dubwana lilipaswa kunguruma kurasa nne mfululizo. Akachukua kalamu. "Hapa nitaandika, dubwana liko kimya, linawaza."

Dubwana likawa la kuwaza sana. Mara nyingi, kwa kuwa lilikuwa limekunywa chai na yai na mkate, lilijibu kwa kamlio kadogo ka kuridhika, kama kizibo kinachotoka kwenye chupa. Mfalme Zege akiliuliza, "Je, niwaue wote?", lilikaa kimya, likatoa kizibo. Mama Kimya hakuwa na namna ila kumwandikia mfalme majibu yanayolingana, na pole pole yule mfalme katili akawa mtu wa kushauriana. Wasikilizaji walipenda zaidi. Yule mzee wa madirisha alipiga simu kusema siku hizi anayaacha wazi.

Kwenye meza ya studio sasa kulikuwa na mabakuli mawili. Moja lilikuwa la tufaha la kijani na karoti zilizokatwa, la kutafuna. La pili lilibandikwa karatasi kwa mwandiko wa Mama Kimya: MBAVU ZA WATU, USILE. Siyo kwamba halikuguswa kamwe. Wiki ya maonyesho, kituo kilipojaa wageni na kelele, jambazi mmoja alipatikana hana mbavu tena. Kishindo alisema mwenyewe, akanunua nyingine, na kijiko cha mbao kilipolia akaenda kula kama siku nyingine yoyote. Hakujiwekea adhabu. Nguo zake zilianza kumlegea kidogo kiunoni, Wifi akaziingiza kwa cherehani huku akipiga kelele kwa furaha, lakini Kishindo mwenyewe alijali zaidi kwamba aliweza kumaliza kutwa nzima bila kumnunia mtu.

Asubuhi moja Zege alibaki studio wenzake walipotoka. Alizungukazunguka, akagusa stendi, akakohoa.

"Kishindo dada yangu," alisema. "Ile maiki yako inamfaa mtu yeyote?"

"Inamfaa."

"Siyo kwamba nina wivu. Nataka kujua tu. Kama lako dogo lile linatoa dubwana, sasa hili langu." Alijipiga tumboni kwa fahari. "Hili linaweza kubomoa jengo."

Kishindo alimfunga mkanda wa pazia, ambao haukutosha, wakauongezea kwa waya. Alivaa hedifoni, akampa na Zege za kwake. Mama Kimya, aliyekuwa akipita na kikombe, akasimama nyuma ya kioo akabonyeza kitufe bila kuombwa.

Walisubiri. Zege alikuwa amefumba macho, kidevu juu, kama mtu anayepigwa picha ya noti.

Kutoka kwenye kile kifua na kile kitambi, kutoka chini ya sauti ile iliyokwisha kuua maelfu, kukatoka mlio mwembamba sana. Piu. Halafu, baada ya muda, tena: piu, piu.

Zege alifumbua macho. Nyuma ya kioo Mama Kimya alikuwa ameinama chini ya meza, akijifanya anatafuta kitu.

"Imeharibika, eti?" Zege aliuliza.

Kishindo aliinua kidole, akasikiliza mpaka mwisho. Alilipa tumbo lile heshima yote ambayo alizoea kuzipa sauti za kazi.

"Hapana," alisema. "Ni kifaranga. Amepotea, anamwita mama yake. Nimemtafuta muda mrefu, huwezi kumpata kwa mpira wala kwa filimbi."

Zege alitafakari. "Ana mistari mingi?"

"Akipatikana mtu wa kumwandikia."

Mezani kijiko cha mbao kililia taratibu ndani ya simu. Kishindo alivua hedifoni, akachukua chombo chake cha chakula, akamwacha Zege kwenye waya akijadiliana na Mama Kimya kuhusu kifaranga.